Mwaka wa Tatu

Kiwanja ni hamsini kwa mia, Bombo, nyuma ya soko,
udongo mwekundu ukishika soksi hauachii.
Hati iko ndani ya sanduku la bati. Jina langu ni la pili,
la kwanza ni la Mursali, na sikulalamika:
miaka ishirini na sita nimefagia nyua za serikali.

Moroto nilipanda mshubiri, ukala vumbi ukaridhika.
Mbarara nilipanda waridi; barua ya uhamisho
ilifika kabla tumba la kwanza halijafunguka.
Aliyehamia baada yetu alichuma yeye. Haya.
Gulu sikupanda kitu ardhini.
Gulu nilijifunza kupanda mkebeni,
mkebe wa Kimbo, matundu matatu ya msumari kitakoni,
na kijiti cha krotoni nilichokiomba kwa mke wa mchungaji,
majani ya njano yenye madoa mekundu
kana kwamba aliyeyapaka alikuwa anaitwa.
Mkebe ule umepanda lori la jeshi mara tano.
Umekaa mapajani mwangu kushinda mtoto yeyote niliyemzaa.

Sasa Nalweyiso, muuza miche kando ya barabara ya Luweero,
ananiuliza, "Mama, unataka mmea gani?"
nami nimesimama kati ya mifuko yake myeusi
kama mtu aliyeulizwa umri wake mbele ya wageni.

Bogenvilia, anasema, haitaki maji mengi,
inataka jua na kunyanyaswa kidogo.
Haibiskasi uipunguze kila mvua ikiisha, la sivyo itaingia dirishani.
Franjipani usiivunje ukiwa na kidonda, utomvu wake hauna adabu.
Kana zipeleke kule maji ya kuogea yanakotokea.
Na asumini?
Asumini ina maringo. Ipande karibu na chumba cha kulala,
uisahau. Mwaka wa tatu itakukumbusha.

Mwaka wa tatu!
Nilicheka hadi akadhani namcheka yeye.
Mimi sijawahi kuuona mwaka wa tatu wa mahali popote.

Nilinunua asumini mbili.

Nyumbani Mursali alikwisha kufunga kamba kutoka langoni hadi chooni,
kigingi kila hatua mbili, mashimo yote kimo kimoja.
Anataka maua yasimame gwaride.
Nikamwambia, mzee, hapa hakuna afande atakayekuja kukagua.
Akanyamaza. Akaitazama kamba yake.
Kisha kwa mguu, kama kwa bahati mbaya,
akaangusha kigingi kimoja.
Pale ndipo ilipokaa franjipani, nje ya mstari, imeinama.

Krotoni ilikuwa ya mwisho.
Haikutaka kutoka. Mizizi ilipita matunduni, ikarudi,
ikaukumbatia mkebe kwa nje.
Mursali akaupasua kwa mkasi wa bati, nao ukanipasua kidole.
Ndani hamkuwa na udongo tena, ni mizizi mitupu
imejisuka duara, imelishika umbo la mkebe
hata mkebe ulipoondoka.
Nikaishusha shimoni, nikaimwagia maji ya kuoshea mchele.
Kesho yake ilidondosha majani saba.
Kesho kutwa, tisa.
Nalweyiso akaja, akakwaruza shina kwa ukucha, kukawa kijani.
Haifi, akasema. Haijaamini tu.

Ni Mei. Mchwa wamekula vigingi viwili vya kamba,
na hakuna aliyevirudisha.
Kwenye kifundo cha krotoni kuna kitu chekundu, sawa na punje ya mtama;
sikitazami sana, nisije nikakitia jicho.
Mursali huamka saa kumi na moja bila tarumbeta,
anazunguka na ndoo gizani,
akirudi kitandani nyayo zake baridi zananiambia alikokuwa.

Mkebe, ubavu wazi, nimeugongagonga kingo kwa nyundo.
Uko uvunguni, nyuma ya sanduku lenye hati.
Ameuona.
Hajauliza.