Buti za Shangazi Baukje

Siti ilichoka kabla yangu.
Plastiki imepasuka katikati, sponji inachungulia,
na kila mvua iliyowahi kunyesha Franeker
iliweka akiba humo ndani.
Nikikaa, nalipwa yote kwa mkupuo,
na riba juu.
Kiwanda cha jibini nilifika kila siku
na suruali inayohitaji maelezo.

"Nunua mpya," alisema Gerlof, fundi wa kona ya mfereji,
"yuro ishirini, na kengele nakupa bure."
Lakini hii inayajua makalio yangu
mwaka wa kumi na saba.
Mpya nianze kuifundisha leo,
nihitimu nayo lini?

Nikapanda darini.
Huko zilisimama buti za shangazi Baukje,
ndefu, za kupandia farasi,
rangi ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.
Alizinunua mnadani, majira yale ya baridi
mifereji ilipoganda tukaenda kanisani kwa kuteleza.
Farasi hakupanda hata siku moja.
Farasi alimwogopa hata wa kwenye picha.
Buti alizivaa mara mbili:
mara ya kwanza mbele ya kioo,
mara ya pili mbele ya kioo, na kofia.

Nilikata mshono wa nyuma kwa wembe.
Ngozi ikafunguka bapa juu ya meza ya jikoni
kama kitu kilichokuwa kimebana pumzi
miaka thelathini.
Hiske akasogeza mkate wake, hakusema neno.
Hiske akinyamaza ana mengi.

Pini za chini niling'oa kwa bisibisi na koleo,
moja ikajilipiza kwenye kidole gumba.
Halafu ngozi majini, maji vuguvugu,
mpaka ikalegea, ikawa tiifu
kama sikio la ndama.
Ngozi ivute ingali maji:
niliivuta,
pua kwanza, kisha mabega,
nikaizungushia tyubu kuukuu, duru juu ya duru,
majeruhi wa kichwa aliyefungwa bendeji,
nikailaza kando ya bomba la joto usiku kucha.

Asubuhi ilikuwa na umbo.

Gundi nayo ina sheria zake.
Paka huku, paka kule, halafu ngoja.
Kungoja ndiyo kazi yenyewe; kupaka hata mtoto anaweza.
Kopo liliandikwa dakika kumi na tano.
Mimi nilingoja nne.
Pua ikakunjamana
kama ya mtu aliyenusa jambo asilotaka kulitaja.
Nikabandua. Nikapaka upya.
Nikaenda kuosha vyombo vyote, hata visafi,
mradi mikono isirudi mapema.
Hapo ndipo Hiske alipofungua kinywa:
"Kumbe kilichokosekana nyumba hii ni gundi."

Penye kona nilichanja pembe ndogondogo,
nikakunja kwa ndani, nikabana
kwa vibanio vya nguo ishirini na kimoja,
vyote tulivyo navyo.
Soksi zikasubiri ndooni hadi Jumapili.

Kunyanzi moja limekataa kuondoka.
Liko kushoto, chini chini,
mahali asipopaona mtu
ila paja langu, nalo limeapa kutunza siri.
Na juu, karibu na nyuma, kuna mstari mwembamba
ambapo buti ilikuwa ikikunjika kwenye kifundo:
alipiga hatua ngapi pale chumbani,
dirishani hadi kabatini, kabatini hadi dirishani?
Sikuusugua.

Jumatatu, upepo wa uso.
Huku kwetu upepo ukienda unakupinga,
ukirudi umegeuka nao.
Nikapita zizi la akina Wiarda.
Farasi wawili wameweka shingo juu ya ua,
weusi, wakubwa kama makabati,
wanatoa moshi puani.

Sikupunguza mwendo.
Chini yangu ngozi ikalia, kwii,
mara moja, kwa ufupi,
kisha ikajikaza,
tukapita.