Gego la Mwisho

Mpwa wangu Ruzuna alipiga simu saa nne usiku
kutoka Uingereza, ambako mvua, asema, hainyeshi,
huning'inia tu.
Kazi yake ni kutoboa meno ya wafu.
Mimi hapa Kibokoni natoboa ya walio hai,
kwa hiyo twasikizana.

"Mjomba, leo nimeshika gego la mwanamke
aliyezikwa uani mwa kanisa miaka mia saba iliyopita,
kichwa magharibi, miguu mashariki, kama wenziwe.
Hana shanga, hana sarafu, hana cha kumtenga.
Nimekwangua unga kiasi cha chumvi ya kuonjea,
na unga umesema: huyu hakulelewa na mvua ya hapa."

Nikamwambia aseme polepole.
Mkononi nilikuwa na meno ya bandia ya Mzee Shebwana,
plasta haijakauka.

Akasema maji si mamoja,
yako mazito, yako mepesi,
na wingu ni kama hamali wa Marikiti:
hutua gunia zito kwanza.
Likifika kwenye baridi limebakiwa na vifurushi.
Mtoto hunywa, jino huumbika,
gamba likishafunga limefunga.
Mfupa una adabu za mgeni,
ukila vya watu miaka kumi nao hugeuka wa watu.
Jino halina adabu hizo.

"Gego lake la kwanza lina jua,
na mwamba ambao huku haupo.
La mwisho, lile la akili,
limeumbika kwa mvua hii hii ya dirishani kwangu.
Alivuka katikati ya magego mawili, Mjomba.
Miaka minane, labda tisa.
Nani alimshika mkono?"

"Na vinasaba?" nikauliza, nami nionekane nimo.
"Vinasaba hutaja mababu.
Havijui ulichota wapi."

Hapo nikanyamaza.
Juzi nilisimama na mwanangu Athmani
kwenye dirisha la vitambulisho.
Karani alitaka cheti cha babu, tukampa.
Akataka cha baba wa babu.
Nusura nimwambie kijana: fungua kinywa.

Lakini kinywa kingesema nini?
Mamangu alikunywa kisima cha uani,
kilichochimbwa kwenye matumbawe,
mai ya chumvichumvi ambayo hadi leo huyasifu
kama mtu anayemsifu mume aliyemtesa.
Mimi nilizaliwa mfereji ushafika,
na maji ya mfereji yalitoka Mzima,
chini ya milima ya mawe meusi yaliyowahi kuwa moto,
mwendo wa siku nyingi kwa mguu.
Siku Ruzuna mwingine atakapotufukua
atatuweka mezani, mama na mwana,
aandike: huyu ni wa pwani,
huyu aliletwa kutoka bara, sababu haijulikani.

Nilimwambia hivyo. Alicheka mpaka simu ikakwaruza.
Mtaa wetu waitwa Kibokoni
na sijaona mtu aliyemkuta kiboko hapa.
Kumbe twawanywa.

Kisha akasita.
"Magego yangu ya akili, uliyatupa?"
Nilimng'oa yote manne mwezi mmoja kabla hajasafiri,
alilia kwa la chini kushoto.
Nikasema sikumbuki.

Yamo kwenye kopo la kahawa, rafu ya juu,
pamoja na risiti za umeme.
Nimeyashusha usiku huu.
Hayana harufu. Moja lina doa.
Kwa hesabu yake mwenyewe, hayo ndiyo yangesema
msichana huyu alikuwa wapi akiwa na miaka kumi:
hapa, kwenye ngazi hii, ananiomba peremende,
namkataza.

Chumbani mamangu anakohoa.
Amebakiwa na gego moja
na amekula kiapo sitaligusa.
Alfajiri muuza maji atapita na mkokoteni wa madumu,
mfereji umekauka tangu Jumanne,
na sitamuuliza anachota wapi.