Sekunde Tano

Nasema mimi, Asangalwisye, fundi wa breki
hapa Mbalizi, mteremko wa Iwambi unapoishia:
hukumu ya leo ni ya kihuni.

Dereva kaongoza mizunguko hamsini na mmoja,
mvua imenyesha, imekata, imenyesha tena,
kabadilishiwa matairi manne kwa sekunde mbili na nukta
(mimi tairi moja la nyuma la semi, na jeki yangu inayovuja,
dakika arobaini na matusi mawili),
halafu waheshimiwa wanne, ndani, kwenye kiyoyozi,
wanarudisha picha nyuma, wanaipeleka mbele,
wanapima unywele:
gurudumu lilivuka mstari mweupe.
Sekunde tano.
Ushindi ukamvuka mtu na shampeni bado mbichi kifuani.

Ambwene, mwanafunzi wangu, ndiye mwenye simu na bando.
Anasema sheria ni sheria, fundi.
Ana miaka kumi na tisa
na kofia nyekundu ya timu
isiyojua Mbalizi iko upande gani wa dunia.
Namwambia, mstari mweupe hapa kwetu
ulikwenda na mvua, mwaka siukumbuki,
na waliouvuka
hawakuongezewa sekunde.
Walipunguziwa.

Wiki iliyopita ilikuwa lile agizo.
"Mpishe mwenzako," sikioni,
kwa upole wa benki inayokukumbusha deni.
Akampisha. Kijana wa watu, kona ya tisa, akaachia mafuta
kama anayempisha mkwe mlangoni.
Nikamrudishia Ambwene simu yake, nikaenda kuosha spana.
Langalanga gani hiyo, mtu anakanyaga breki
kwa barua ya ofisi?

Na sasa gumzo jipya: zije Afrika.
Wakubwa wanakunja nne, wanauliza: mna hoteli?
Mna uwanja wa ndege za binafsi? Lami yenu ina unene gani?
Madereva hawajauliza.
Lusajo yupo. Nendeni mkamwone, anauza viazi pale stendi.
Alishuka Iwambi na tani thelathini za mafuta ya Zambia,
breki zimekufa, gia inalia kama ng'ombe,
mkono mmoja honi, mmoja usukani,
akapita kati ya basi na bajaji tatu bila kugusa kioo,
akalilaza shambani kwa mama Sekela.
Kombe hakuna.
Alipewa notisi ya polisi na bili ya mahindi.

Msinielewe vibaya. Nazipenda, ndiyo maana natukana.
Napenda zile za usiku, chini ya taa,
diski zinapowaka nyekundu kwenye kona
na mtangazaji anapiga kelele, tazameni uzuri!
Naona uzuri.
Ila mimi chuma kikiwaka hivyo
natafuta jiwe,
nauliza kabini wamo wangapi.

Basi tukawa bado tunabishana,
timu imekata rufaa, kikao Alhamisi,
ukungu unashuka kutoka mlimani,
harufu ikafika kabla ya lori.
Unaijua harufu hiyo? Kama nywele na sarafu, vikiungua pamoja.
Ambwene aliiacha simu juu ya ngoma ya breki,
akabeba jiwe, lile kubwa, la pembe tatu,
akakimbia sambamba na gurudumu la nyuma
lililokuwa limechoka kusimama na halijataka kwenda.
Nilimhesabia kimoyomoyo.
Nne na kidogo.
Kofia ilianguka matopeni. Hakurudi kuiokota.

Dereva akashuka, Mzambia, mnene, mpole,
akatapika kando ya barabara, akaomba maji,
akaiona simu.
Nani kashinda?

Nikamwambia, subiri Alhamisi.