Jumanne, Bwaloni

Saa kumi na robo. Nilisema saa kumi na robo,
na saa kumi na robo naanza, hata kama tuko wanne
na harufu ya githeri bado imekalia viti.
Mwaka wa kwanza nilikuwa nangoja.
Aliyewahi akajifunza kwamba kuwahi ni ujinga,
aliyechelewa akajifunza kwamba yeye ndiye saa.

Halkano ameinama na chaki.
Mstari huu ni ukuta, huu mlango wa Mama Pendo,
hapa dirisha. Usipite dirishani, Ogola,
wewe ni wakili wa mwenye nyumba, si mwizi.
Kwani kuna tofauti gani, mwalimu? anauliza Ogola,
na dakika tano zinateketea kwa kicheko.
Naziacha. Najua bei ya dakika siku hizi,
na hizo nimezipata rahisi.

Nje, Barabara ya Jogoo inanguruma.
Ndege zinazoshukia Embakasi zinapita juu ya mabati,
na tumepatana: ndege ikipita, simama ndani ya neno lako.
Usilipigie kelele, usilimalize mbio.
Lishike kama maji kinywani
mpaka mbingu itupishe.

Zamani nilichezesha mchezo mzima kila siku,
kama anayefua nguo zote za nyumba
kwa sababu ya doa moja la wino.
Wenye sentensi mbili walikaa saa mbili
wakichonga majina yao kwenye meza.
Leo ni onyesho la tatu tu, na ndani ya la tatu
ni pale Kavutha anapopokea notisi ya kuhama.
Wengine wako varandani na Wangeci,
wanashona pazia la magunia,
wanakamatana makosa ya kukariri.

Kavutha hawezi. Siku tisa sasa, hawezi.
Nilimwambia, huzunika. Nikamwambia, zaidi.
Nikamwonyesha mwenyewe, nikalia vizuri sana,
na kesho yake akaniletea kilio changu,
kilekile, kikimpwaya mabegani
kama koti la baba yake.

Leo sina sauti. Imenikauka tangu Jumapili,
koo ni sufuria iliyosahauliwa motoni.
Nina kijiko na kikombe cha bati:
pigo moja, anza; mawili, rudia.

Kavutha anaanza. Mawili.
Anaanza tena. Mawili.
Mara ya tatu ananitazama, angoja kosa lake,
nami sina la kusema, na si kwa ajili ya koo.

Ndipo Nyaboke, mshika mswada,
asiyewahi kuomba nafasi jukwaani,
ambaye midomo yake hucheza maneno ya kila mtu,
anauliza bila kuinua macho:
Hiyo barua, umeisoma?

Haina kitu, anasema Kavutha. Ni karatasi tupu.

Ni kweli. Siku tisa nimempa karatasi tupu
nikamdai machozi.

Nyaboke anachukua penseli sikioni.
Anaandika, mistari mitatu, labda minne,
anakunja, anamrudishia.
Pigo moja.

Kavutha anasoma. Halii.
Anaikunja mara nne, polepole,
anaenda kwenye jiko la chaki
na kuepua chungu ambacho hakipo,
kama mtu aliyeapa kwamba leo, angalau,
chakula hakitaungua.
Ogola anasahau zamu yake.
Ndege inapita
na hakuna mwenye neno la kushika.

Saa kumi na mbili kasoro kumi nagonga mara tatu.
Wanalalamika, turudie, mwalimu, mara moja tu.
La. Waende na njaa hiyo.
Mpishi anataka bwalo lake,
na wa zamu wameshaanza kupiga deki,
ukuta, mlango, dirisha, vyote ndani ya ndoo.

Sikuuliza kilichoandikwa.
Nimefungua daftari la vifaa vya kikundi:
magunia, saba. Kikombe cha bati, kimoja.
Barua, moja. Haikurudishwa.