Mngoje Chini

Nilipima kwa mkono, maana futikamba
aliiazima Mzee Lechipya tangu Pasaka.
Kutoka boriti hadi kenchi: mikono minne na shubiri.
Darini kwetu Nkuhungu hakuna aliyeingia
tangu mafundi walipopiga bati la mwisho wakadai chao,
ila popo. Popo na joto.

Saa saba mchana bati hulia
kama bisi kwenye kikaango,
jasho likakuingia jichoni hujashika nyundo.
Kwa hiyo nilijenga alfajiri,
kabla ya basi la kazini la Mtumba,
na taa ya kufunga kichwani niliyonunua sokoni Majengo
kwa bei ambayo Yaledi hajaambiwa.

Plaiwudi tatu, zile nene.
Mbao mbili kwa nne za kuziegemeza,
zimeinama kulifuata paa,
ukuta unaokulalia kifuani kama mdai.
Nati za meno nikazigonga kwa nyuma, mia na ishirini,
na kila pigo mbwa wa jirani akajibu.
Vishikio ni mninga, makombo ya karakana ya milango;
nikavikata, nikavipiga randa, nikavisugua msasa
mpaka vikapata maana kiganjani:
hiki sikio,
hiki nundu ya ng'ombe,
hiki goti la mzee,
hiki hakina jina, lakini vidole vinakipenda.

Yaledi alisimama chini ya tundu la dari,
mkono kiunoni, unga kwenye khanga.
"Ukuta wa kupanda kwenda wapi, Baba Mbeleje?"
Sikujibu. Nilikuwa na skrubu mdomoni.

Jibu lilikuwa limelala chumba cha pili,
na plasta kutoka kiwiko hadi vidole:
miaka kumi na mmoja,
kaanguka kwenye miamba nyuma ya shule
siku aliyoaga anakwenda kwaya.
Daktari alisema wiki sita.
Mbeleje akauliza, "Na ya saba, naanza siku gani?"
Mtoto wa namna hiyo humfungii mlango.
Unamletea mlima ndani
ukiujua kila msumari.

Tena si jambo geni kwetu.
Bibi yangu, kule Mvumi, alipanda juu ya tembe kila mavuno
kwa gogo lililochanjwa vidato,
uwele kichwani, mimba tumboni,
akaanika, akashuka,
akapanda tena kufukuza mbuzi.
Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Plasta ilikatwa Jumanne.
Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, tukatandika magodoro mawili,
moja likiwa letu, bado lina joto la usingizi.
Mbeleje alikuwa amesaga chaki kwenye kinu cha vitunguu.
Akapaka viganja. Akapuliza.
Akashika sikio, akashika nundu,
na ule mkono wa kushoto,
mwembamba kuliko mwenzake, umepauka,
ukaanza kutetemeka.
Akakwama kwenye goti la mzee.

Hapo ikanijia ile methali
tunayowatupia wenye vyeo na magari,
tunayoisema kwa meno, tukisubiri:
aliye juu, mngoje chini.
Nami nilikuwa chini.
Nilimngoja kweli, mikono nimeikunjua,
nyayo zimezama godoroni,
shingo inauma kwa kutazama juu.
Nikajiuliza aliyeisema mara ya kwanza
alikuwa adui,
au alikuwa na mtoto ukutani.

"Baba, sogea, unaniziba taa."

Nikasogea. Nusu hatua, si zaidi.
Upepo ukapenya chini ya bati na vumbi lake jekundu,
ukapeperusha chaki.
Akaliacha goti,
akanyoosha ule mkono
kwa kile kisicho na jina.

Chini, ufagio wa Yaledi ulikuwa umenyamaza.