Tisa Yenye Mkia

Iweke hapa, juu ya kitambaa cheupe, kijana,
unipe na hiyo lenzi. Macho yangu si ya jana.
Ndiyo. Ni Ulenge. Namba kumi na saba.
Usiniambie umeinunua kwa ngapi,
nitalia, au nitacheka, na chai itapoa.

Unauliza kampuni ilianzia wapi.
Kampuni!
Ilikuwa meza moja, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
kati ya muuza mafuta ya taa na mshona magodoro,
na mguu mmoja wa meza ulikuwa tofali.
Fundi Fidahusein alikaa upande ule,
mie huu, miaka kumi na miwili, mtoro wa shule.

Mwanzo wake ni ugomvi.
Mwinchande, mzamiaji wa bandari,
aliingia anachuruzika, akaibwaga saa mezani:
"Imekunywa tena! Ya tatu hii!"
Kazi yake ilikuwa chini ya matishari,
kunasua nanga, kufunga minyororo,
na huko juu, kwenye pampu,
aliyepewa kazi ya kumhesabia dakika
alikuwa amekwenda kununua kashata.
"Nataka yangu mwenyewe, mkononi," akasema,
damu inamtoka puani,
"nisimtegemee mtu mwenye njaa."

Fundi hakujibu. Aliifungua ile iliyokunywa,
akamimina bahari kwenye kisosi,
akaitazama kama anayesoma barua.

Mitambo ilitoka Uswisi, ndani ya kopo la peremende.
Maganda aliyakereza Ernesti Kuziwa
wa karakana ya reli, usiku, kwa siri,
kutoka ekseli ya behewa lililokufa.
Mpira wa kuzuia maji tuliukata kwenye tyubu ya lori.
Kila saa ilifungwa uzi na jiwe,
ikalala baharini usiku mmoja;
yenye ukungu kiooni ilirudi mezani.
Moja ilirudi na kaa mdogo
ameukumbatia mkanda, hataki kuachia.

Izungushe pete ya nje. Umeona?
Inakwenda upande mmoja tu.
Ikigongwa mwambani itakupunja dakika,
kukuongezea haiwezi.
Fundi alisema: heri saa bahili,
ile karimu ndiyo itakayokuzika.

Na wenzako, wajuzi wa saa kuukuu,
wanasema uso umekosewa,
sita iko juu, kumi na mbili iko chini.
Umekosewa!
Jua likiwa utosini ni saa ngapi, kijana?
Basi mishale ikisimama wima isome nini?
Tangu kuzaliwa tulizitazama saa za watu
jicho likiona hivi, ulimi ukitamka vile.
Fundi akasema, mara hii wapatane.

Namba nilizipaka mie,
kwa manyoya ya paka yaliyofungwa kijitini.
"Usilambe brashi," aliniambia kila asubuhi.
Rangi ile iliwaka gizani;
usiku vidole vyangu vilikuwa vimulimuli
chini ya shuka, mama akadhani nina mashetani.
Kwenye hii, nilipofika tisa,
jirani alidondosha debe la mafuta.
Nikashtuka. Tisa ikaota mkia.
Nikataka kuufuta. Fundi: "Rangi ghali. Acha."
Leo unaniambia mkia huo ndio bei,
na kwamba kuna watu wanaughushi.

Zilikuwa arobaini na moja. Kisha kopo la peremende halikuja tena,
fundi akarudi kwenye saa za ukutani.

Ya kwanza iko chini, karibu na Toten.
Usinitazame hivyo. Mwinchande hakufa maji,
alifia kitandani kwake, Mwanzange, kwa kisukari.
Ni mkanda tu uliokatika.

Unataka karatasi kwamba ni yenyewe.
Lete kalamu. Mkono unatetemeka siku hizi,
kila tarakimu nitakayoandika itakuwa na mkia.
Lakini kwanza itie majira.
Umeitia ya kwenu.