Mchuzi Mweupe

Nyamizi amerudi kutoka Kitete
na pamba mdomoni, magego mawili pungufu.
Ameandika kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki:
Ugali siwezi. Uji nimechoka.
Akapiga mstari chini ya nimechoka.

Mimi jikoni ni mgeni wa kubisha hodi.
Porini nilipika, miaka ile tukirina asali kule Sikonge:
muhogo, nyama kavu, chumvi kama ilisalia.
Hakuna aliyesifu. Hakuna aliyekufa.

Dukani kwa Hilali, hapa Isevya, nikachukua pakiti ya makaroni
nikaulizia krimu.
Akacheka mpaka kofia ikahama:
"Krimu ipi, Mzee Msabila, ya uso au ya miguu?"
Nikarudi na siagi ya kupimiwa kwenye karatasi,
kitunguu saumu kimoja,
na kungumanga iliyokuwa peke yake chupani,
kama jino.

Maziwa alileta Luhende alfajiri,
dumu la njano limefungwa kwenye baiskeli kwa mpira wa tairi.
Nikayachemsha, nikayaacha dirishani yapoe.
Yakavaa utando mnene, rangi ya nta changa.
Nikauengua kwa kijiko, nimezuia pumzi,
kama mtu anayekata sega
na hataki nyuki wajue.

Siagi ikalia chwaaa.
Saumu nikaiponda kwa kitako cha chupa,
ikanukia hadi jirani akakohoa
kile kikohozi cha kuuliza.
Unga wa ngano, kijiko kimoja. Koroga.
Maziwa kidogo. Koroga.
Maziwa tena,
na hapo mkono ukanisaliti:
unajua kusonga, haujui kukoroga.
Niliukaba mwiko kama nasonga ugali wa msiba,
na madonge yakaibuka,
vichwa vyeupe,
yakanitazama.

Nyamizi yuko mlangoni, kitenge begani.
Hasemi, kusema hawezi.
Ananipokonya mwiko.
Kwa koleo anatoa makaa mawili jikoni, anayaweka majivuni,
kisha anachora ndani ya sufuria
nane. Nane. Nane iliyolala.

Miaka thelathini na minne nimemsikia akipika,
sikuwahi kumwona.
Sikujua kwamba kiwiko chake hakiendi popote,
kwamba kazi yote iko kwenye kifundo cha mkono,
kwamba akikoroga hutikisa kichwa, kidogo tu,
kama anakataa jambo
ambalo hakuna aliyemuomba.

Madonge yakayeyuka. Si yote.
Akanirudishia mwiko.
Nikatia utando, chumvi,
kungumanga nikaikwaruza kwa ncha ya kisu
(vumbi kidogo, pamoja na ukucha wangu kidogo).
Mchuzi ukapunguza mwendo.
Ukashika mgongo wa kijiko, nikapitisha kidole,
njia ikabaki wazi katikati,
nyoofu, kama reli inavyopasua pori kwenda Urambo.

Makaroni nilikuwa nimeyasahau.
Yamevimba, yamelegea,
yanakatika kwa kutazamwa tu.
Siku nyingine ningeyamwagia kuku
na kuapa kwamba dukani yalikwisha.
Leo nikayapakua kwa heshima,
nikayafunika kwa mchuzi mpaka aibu haionekani.

Akala kwa upande wa kushoto,
taratibu, jicho moja amelifumba.
Mimi nilikuwa nasugua sufuria ambayo ilikwishatakata.

Kalamu ikasikika.
Huu ni uji.

Nikashusha macho.
Akaivuta kadi, akaigeuza, akatafuta nafasi
pembeni ya tarehe ya kurudi kwa daktari,
akabana herufi pale, ndogo ndogo:
Ila una chumvi. Niongezee.